Ngoro na Deni la Ardhi Umatengoni

Ngoro ni kilimo cha mashimo cha Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, kinachofanywa kwenye miteremko mikali ambayo kwingineko ingeachiwa mbuzi. Mvua za mwaka zinapokaribia kwisha, kati ya Februari na Machi, mwanamume hufyeka nyasi na kuziacha zinyauke kwa siku kadhaa. Kisha huzilaza mistari, mingine ikishuka na mlima, mingine ikiukata mlima, mpaka shamba zima linaonekana kama wavu uliotandazwa. Hapo kazi huipokea mwanamke. Kwa jembe la mkono huchimba udongo wa katikati ya kila jicho la wavu na kuzifukia nyasi pande zote, akiacha shimo lenye upana wa karibu mita moja na nusu na kina cha kufika magotini, lililozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo na kuvunwa Juni au Julai. Mvua zinaporudi, Novemba au Desemba, mahindi hupandwa palepale. Magugu hutupwa shimoni yaoze. Mzunguko huo huchukua takriban miaka miwili, kisha shamba hupumzika kidogo, nyasi hufyekwa tena na mashimo mapya huchimbwa.

Faida yake inaonekana mvua kubwa inaponyesha. Maji hayapati njia ya kuteremka kwa kasi. Huingia shimoni, hutulia na kunywewa na ardhi polepole. Udongo unaochukuliwa kutoka tuta la juu hukomea kwenye shimo la chini yake. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea ya maharage. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, waliofanya kazi Mbinga kuanzia miaka ya 1990, walikuta jambo ambalo wenyeji walikuwa wakilijua kwa vizazi: milima hii imelimwa muda mrefu mno bila kubakia miamba mitupu.

Hata hivyo ngoro haijawahi kuwa njia rahisi ya kupata chakula. Mtu akiamua kulima sesa, yaani kukwatua udongo moja kwa moja bila mashimo, atavuna misimu michache kwa jasho dogo zaidi. Hasara itakuja baadaye, na sehemu kubwa ya hasara hiyo haitakuwa yake. Itamfikia aliye bondeni, na itawafikia watakaolirithi shamba hilo likiwa limekwisha nguvu. Uamuzi wa kuchimba au kutochimba, unaofanywa nyumbani kila baada ya miaka miwili, ni swali la maadili hata kama hakuna anayeliita hivyo. Jasho hilo la ziada linadaiwa na nani?

Jibu la kwanza ni kwamba linadaiwa na njaa ya mwenyewe. Katikati ya karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliwasukuma Wamatengo kwenye vilele na mapango ya milima, hasa pande za Litembo. Watu wengi walibanana mahali padogo, pasipo nafasi ya kuhama ardhi inapochoka. Inaelekea kwamba hali hiyo iliifanya ngoro ikomae, kwa sababu aliyeuacha udongo uteremke hakuwa na mahali pengine pa kulima. Maelezo hayo yana uzito, ila yanaeleza mwanzo tu. Vita vilikwisha, na katika karne ya 20 familia nyingi zilishuka kwenda kufungua mashamba kwenye misitu ya miombo upande wa mashariki. Waliobaki juu waliendelea kuchimba, wakiwemo wazee waliojua kwamba mzunguko unaofuata huenda usiwakute hai. Anayefukia nyasi katika umri huo hafanyi hesabu ya tumbo lake peke yake.

Jibu la pili husema kwamba anawatunzia watakaozaliwa. Jibu hili ni zuri kusikika, lakini wanafalsafa wamelitilia shaka kwa hoja ambayo haifai kupuuzwa. Asiyekuwepo hawezi kudai. Tena, kama Derek Parfit alivyoonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1984, maamuzi ya leo huamua hata ni nani watakaozaliwa: familia inayohama kwa sababu shamba limechoka itapata wakwe wengine na wajukuu wengine. Wajukuu hao watamlaumuje babu, ilhali bila uamuzi wake wasingezaliwa kabisa? Hans Jonas, aliyeandika mwaka 1979, aliona kwamba maadili ya zamani yalihusu watu wanaoonana, na akataka msingi mpya wa wajibu kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Afrika Mashariki ina mjadala wake katika jambo hili. Mwaka 1969 John Mbiti, Mkenya na kasisi wa Kianglikana, alidai katika kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati una pande mbili, Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo. Kwa maoni yake, fikra za mtu hazivuki miaka miwili mbele. Wengine walimpinga vikali, akiwemo Mghana Kwame Gyekye, wakisema kwamba watu wanaoweka akiba, kupanda miti na kuwausia watoto wao hawawezi kuambiwa hawaijui kesho.

Ngoro inatoa ushahidi ambao hauungi mkono kwa urahisi hoja za upande wowote. Mpango wa mkulima ni wa miaka miwili kweli, maharage kisha mahindi, na hakuna hati inayosema shamba liweje baada ya miaka hamsini. Hata hivyo matokeo yake yamedumu zaidi ya karne. Inawezekana basi kuutunza wakati ujao bila kuutazama moja kwa moja, na namna inavyowezekana inaonekana katika mpangilio wa ukoo wa Kimatengo.

Sehemu ya ardhi ya ukoo huitwa ntambo. Kwa kawaida ni mgongo wa mlima uliopakana na vijito viwili. Juu huachwa msitu, chini yake kuna ngoro, nyumba zimezungukwa na kahawa na migomba, na bondeni kuna bustani za mboga. Ntambo hupita kutoka kwa baba kwenda kwa wana. Pamoja nayo ilikuwepo sengu, ambapo watu wa ukoo walikula pamoja, chakula kikiletwa kutoka nyumba mbalimbali, na baada ya kula mzee aliongoza mazungumzo: nani amegombana na mkewe, mpaka gani umesogezwa, kijana gani hajachimba shamba lake. Vijana walijifunza hapo kwamba shamba wanalolima liliwahi kulindwa na watu waliokwisha kufa, kwa kazi ileile wanayoikwepa.

Hapa hoja ya Parfit hupoteza makali. Katika sengu, wajibu wa kutunza ardhi haukutegemea madai ya wasiozaliwa. Ulitegemea deni kwa marehemu. Mkulima alipokea udongo ambao mtu mwingine aliuzuia usiende na maji, na hawezi kumlipa mtu huyo kwa kuwa hayupo. Njia pekee ya kulipa ni kumfanyia mwingine jambo lilelile. Mtoto atakayezaliwa ni mpokeaji wa malipo, na wala hahitaji kudai. Kwa njia hiyo Zamani ya Mbiti, ambayo yeye aliielewa kama mahali matukio yote yanakorejea, huko Mbinga ndiyo inayolinda kesho. Huenda huu ndio msingi alioutafuta Jonas, nao una faida ya kutohitaji nadharia ngumu: kila mtu anaweza kuonyeshwa shamba na kuambiwa ni mkono wa nani uliolihifadhi.

Ukristo ulipoingia ulikuta deni hilo tayari. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, wakaenea hadi Litembo na sehemu nyingine za Umatengo. Jimbo Katoliki la Mbinga lilianzishwa mwaka 1986. Upande wa Ziwa Nyasa, Waanglikana wa misheni ya vyuo vikuu, waliokuwa na makao yao kisiwani Likoma, walijenga Liuli na vituo vingine vya ufukweni. Wabenediktini walikuja na Kanuni ya karne ya 6 ambayo sura yake ya 31 inamtaka mtunza ghala avitendee vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Fundisho hilo lina maana nzito kwa mtu wa jembe. Jembe la mama anayechimba ngoro na kikombe cha misa vinastahili uangalifu wa aina moja, na kazi ya kuyazuia maji mteremkoni haina daraja la chini mbele ya Mungu.

Biblia nayo ilibadili jina la anayedai. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, ardhi hupewa mapumziko mwaka wa saba, na Mungu anasema kwamba nchi ni yake na wanaoikaa ni wageni na wapangaji. Mwanzo inasema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kwa Waislamu, mwanadamu ni khalifa duniani, na mapokeo ya Mtume yanafundisha kwamba kila anachokula mtu, ndege au mnyama kutoka kwenye mti uliopandwa na Mwislamu huhesabiwa kuwa sadaka yake. Mwalimu Nyerere, akiandika mwaka 1958 kuhusu mali ya taifa, alijenga hoja inayofanana na hizo: ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wote, na anachoweza mtu kukiita chake ni matunda ya kazi aliyoifanya juu yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, bado inasimama juu ya wazo hilo, kwamba ardhi yote ni ya umma na mwenye shamba ana haki ya kuitumia.

Mabadiliko hayo ya jina la mdai yanasaidia mahali ambapo deni la ukoo hufikia mwisho wake, nako ni bondeni. Milima ya Umatengo hufika karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Nyasa lipo chini ya mita 500. Mteremko kutoka juu hadi Mbamba Bay au Lituhi ni mkali na mfupi. Maji ya upande mmoja huenda ziwani, kisha Mto Shire na Zambezi. Ya upande wa pili huanzisha Mto Ruvuma, unaokwenda kuwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Udongo unaoachiliwa juu humfikia mtu ambaye si mzee wa ukoo wala si mjukuu. Ni Mnyasa mwenye shamba la mihogo, au mvuvi anayetegemea samaki wa miambani, ambao hupoteza malisho na mazalia pale matope yanapofunika mawe. Marehemu wa ntambo hawana neno la kusema juu ya mvuvi huyo. Muumba analo, kwa sababu kwake yule wa juu na yule wa chini ni wapangaji wa nyumba moja.

Uhusiano wao haukosi misingi ya kidunia pia. Mahindi na maharage ya milimani hushuka ziwani, na dagaa na mbasa hupanda kwenda masoko ya Mbinga. Hata serikali iliwaunganisha katika wilaya moja hadi mwaka 2012, Wilaya ya Nyasa ilipogawanywa kutoka Mbinga. Lakini biashara pekee haimlazimishi mtu wa juu kuhesabu matope. Bei ya dagaa haionyeshi ni shamba gani lililoteremsha udongo. Aliye ufukweni naye ana maamuzi yake: samaki wakubwa hukaushwa kwa moshi, kuni hutoka kwenye vilima vya karibu, na kilima kikikatwa kinaleta matope yaleyale anayoyalalamikia kutoka juu. Dagaa wakianikwa juani, juu ya vichanja, kuni hubaki mlimani. Mvua za mfululizo zinapokuja jua halipo, na familia inapaswa kuchagua kati ya samaki kuoza na mti kukatwa. Si haki kumhukumu anayechagua mti katika siku hiyo. Wajibu wake uko kabla ya siku hiyo, katika kupanda miti ya kuni mwaka mvua zilipokuwa chache na mikono ilikuwa na nafasi.

Kahawa ndiyo iliyolipima deni hilo kwa ukali zaidi. Ilianza kuenea Umatengo miaka ya 1920, na kwa sababu inadumu miaka mingi ilibadilisha maana ya kurithi. Mtu alimwachia mwanawe miti, mbali na udongo. Chini ya ushirika, mkulima alipata mbolea na dawa kwa mkopo uliokatwa kwenye mauzo, na sehemu ya mbolea hiyo ilifika kwenye mahindi. Soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, mfumo huo wa mikopo ulivunjika, chama kikuu cha ushirika cha Mbinga kikaanguka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya kahawa duniani ilishuka vibaya sana. Familia iliyozoea kununua mbolea ilirudi kuutazama udongo wake kwa macho mengine, na mahali ambapo ngoro ilikuwa imelegezwa upungufu ulionekana haraka.

Swali la nyumbani linalowasumbua wengi sasa ni mti wa zamani wenyewe. Kahawa iliyopandwa na babu hushambuliwa na chulebuni na kutu ya majani, na kuipulizia dawa kila msimu ni gharama kubwa. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, yenye kituo chake Ugano wilayani Mbinga, imetoa aina zinazostahimili magonjwa hayo. Lakini kung'oa mti mzee ni kukubali miaka kama mitatu bila mavuno mahali hapo, na kwa wengine ni kama kuing'oa kazi ya marehemu. Hapa yafaa kusema waziwazi kwamba kinachodaiwa na marehemu ni rutuba, wala si mti. Babu alipanda alichokuwa nacho. Mjukuu anayeng'oa mistari michache kila mwaka, akapanda miche mipya na kuacha mingine ikilipa ada ya shule, anamheshimu kuliko yule anayeulinda mti unaokufa huku akimwaga dawa karibu na kijito.

Milingoti, au mikaratusi, inahitaji uamuzi mgumu zaidi, kwa kuwa faida yake ni ya kweli. Hukua upesi, hutoa nguzo, mbao na kuni, na humpunguzia mtu haja ya kuingia msitu wa asili. Inapopandwa juu, kwenye ardhi iliyochoka, inaweza kuwa baraka. Inapopandwa karibu na chemchemi hunywa maji ambayo si ya mpandaji peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Mita 60 kwenye ntambo nyembamba huweza kumeza bustani yote ya mboga ya familia. Sheria ikisomwa bila busara inamnyima maskini mchicha wake wa kiangazi. Ikipuuzwa, kijito kinakauka na wote wanakosa. Mtu wa bustani ya mboga na mtu wa milingoti wako ndani ya mita hizohizo, lakini makosa yao hayalingani. Bustani huweza kusogezwa msimu ujao, ilhali mlingoti huota tena kwenye kisiki na kuendelea kunywa kwa miaka mingi. Baraza la kijiji linaloanza na miti na kuwapa wenye bustani muda linatenda haki zaidi kuliko linaloanza na wenye bustani kwa sababu hao ndio wasio na nguvu.

Linabaki jambo ambalo hoja yote ya deni inalipita kimya. Kwa desturi Wamatengo hurithi kwa upande wa baba, na mwanamke huolewa na kwenda kukaa kwenye ntambo ya mumewe. Yeye ndiye anayechimba shimo, kazi nzito kuliko zote katika ngoro, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni au mimba tumboni. Lakini marehemu walioutunza udongo huo hawakuwa wake. Ukoo wake uko kwenye mgongo mwingine wa mlima, na huko kaka zake ndio warithi. Akiambiwa achimbe ili kulipa deni la wahenga, anaambiwa alipe deni la watu wengine. Akifiwa na mume, aliweza kuambiwa arudi kwao, mikono mitupu. Mafundisho ya uwakili wa ardhi, yawe ya sengu au ya kanisa, hayawezi kuwa kweli kwa nusu ya nyumba tu. Udongo wa Mbinga umebakia mlimani kwa sababu ya migongo ya wanawake, na kusifu ngoro bila kulitaja hilo ni kuchukua kazi yao na kuiita hekima ya ukoo.

Baadhi ya watu hujibu kwamba basi ngoro iachwe na mbolea inunuliwe. Jibu hilo huuondoa mzigo kwa mwanamke wa leo na kumtwika binti yake, atakayelima mteremko uliobaki changarawe. Linalowezekana ni kuugawa mzigo upya. Mgawanyo unaompa mwanamume nyasi na mwanamke shimo hauna asili katika maumbile. Wapo vijana wa kiume wanaochimba ngoro kwa malipo bila jembe kuwakatalia. Kwenye ardhi ya mteremko mdogo matuta ya kawaida yaliyokingama na mlima huweza kutosha, na nguvu ya kuchimba mashimo ikahifadhiwa kwa sehemu kali, ambazo zikilimwa bila ngoro hazitavumilia. Wanawake wa jirani wamekuwa wakichimbiana kwa zamu, na kazi hiyo inakuwa nyepesi zaidi waume wakiingia katika zamu hizo.

Kuhusu umiliki, Sheria ya Ardhi ya Vijiji katika kifungu cha 20 inabatilisha desturi yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kupata, kutumia au kumiliki ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mke na mume pamoja. Jina lake likiwemo, na sauti yake ikisikika pesa ya kahawa inapogawanywa, shamba analochimba linakuwa lake pia, na wale watakaolirithi, mabinti wakiwemo, watakuwa na marehemu wa kike wa kumshukuru. Kazi ya kuandikisha hati hizo iko mikononi mwa halmashauri za vijiji, na maombi ya hati hupelekwa kijijini kwenyewe.